Waliomuua Lumumba wana majina, tuyaandike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu makala yenu ya kumkumbuka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Nimeisoma yote. Neno "aliuawa" nimelikuta mara saba, na mara zote aliyeua ni "mabeberu", "mataifa ya Magharibi" au "maadui wa Afrika". Kauli ya kutendwa ni hazina ya lugha yetu, lakini hapa imetumika kama pazia. Kifo hiki ni miongoni mwa mauaji ya kisiasa yaliyochunguzwa sana barani Afrika: Umoja wa Mataifa mwaka 1961, Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975, Bunge la Ubelgiji mwaka 2000 na 2001. Tunajua nani aliandika telegramu, nani alisindikiza ndege, nani aliongoza wapiga risasi na nani alishika msumeno. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuyasoma majina hayo, tena mauaji yenyewe yalifanyika Katanga, nchi ya Waswahili kwa lugha.

Kwanza nirekebishe picha. Ile mliyoweka, Lumumba amefungwa mikono nyuma, askari akimvuta nywele, mmeandika chini yake "siku ya mauti". Sivyo. Picha hizo ni za 2 Desemba 1960, aliporudishwa Léopoldville (leo Kinshasa) baada ya kukamatwa usiku uliotangulia huko Lodi, kando ya Mto Sankuru, akikimbilia Stanleyville (leo Kisangani). Kati ya picha hiyo na risasi kuna siku 46. Katika siku hizo ndipo mpango ulipofumwa. Ukiziruka, unabaki na hadithi ya askari wenye hasira, na wanasiasa wanaponyoka.

Alipelekwa kambi ya jeshi ya Hardy, Thysville. Tarehe 13 Januari 1961 askari wa kambi hiyo waliasi kwa sababu ya mishahara, na wakubwa wa Léopoldville wakaingiwa na hofu kwamba mfungwa angefunguliwa mlango. Wakubwa hao ni nani? Rais Joseph Kasavubu, aliyemfukuza uwaziri mkuu tarehe 5 Septemba 1960. Kanali Joseph Mobutu, aliyepindua serikali siku tisa baadaye. Justin Bomboko, kiongozi wa Makamishna walioshika serikali. Victor Nendaka, mkuu wa usalama. Wakaamua kumwondoa, na mahali pa kwanza palipotajwa ni Bakwanga, Kasai ya Kusini. Wakakumbuka kuwa uwanja wa ndege wa Bakwanga ulikuwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Ikabaki Katanga ya Moïse Tshombe, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Huo ndio uzito wa uamuzi wenyewe: walichagua mahali ambapo walijua mtu huyu hatatoka hai, na ambapo mikono yao haitaonekana.

Tshombe alisitasita kumpokea, kwa kuwa alijua mzigo huo utamwangukia nani. Hapo ndipo Brussels ilipoingia kwa maandishi. Tarehe 16 Januari Waziri wa Masuala ya Afrika wa Ubelgiji, Harold d'Aspremont Lynden, alituma telegramu Elisabethville (leo Lubumbashi), makao makuu ya Katanga, akisisitiza kwa Tshombe mwenyewe kwamba Lumumba ahamishiwe Katanga bila kuchelewa. Ni waziri huyo huyo ambaye Oktoba 1960 aliandika kuwa lengo kuu ni "kumwondoa Lumumba moja kwa moja". Wapo wanaobishana hadi leo kama alimaanisha siasa au roho. Mimi nasema telegramu ya Januari inalifafanua andiko la Oktoba: huwezi kumsukumia mtu kwa adui zake walioapa kummaliza kisha ukasema ulitaka astaafu siasa.

Siku ya 17 Januari ilikwenda hivi. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa Thysville kwa ndege ndogo hadi Moanda, pwani, wakahamishiwa ndege kubwa ya DC-4 iliyokuwa na wafanyakazi Wabelgiji. Wasindikizaji wa ngazi ya juu walikuwa makamishna wawili, Ferdinand Kazadi na Jonas Mukamba, wote wa kutoka Kasai, ambako jeshi lilikuwa limeua watu wengi wakati Lumumba akiwa waziri mkuu. Hawakuchaguliwa kwa bahati. Askari waliwapiga wafungwa njia nzima, hata mwendesha redio akatapika na marubani wakajifungia katika chumba chao. Ndege ilitua Luano, uwanja wa Elisabethville, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Wanajeshi wachache wa Umoja wa Mataifa, Waswidi, waliona kwa macho yao wafungwa wakishushwa na kusukumwa garini. Hawakufanya lolote.

Wakapelekwa nyumba ya Mbelgiji mmoja, inayojulikana kama Villa Brouwez, karibu na uwanja. Mawaziri wa Katanga walipita hapo, Godefroid Munongo wa Mambo ya Ndani akiwa mstari wa mbele, kisha baraza likakutana kwa Tshombe. Usiku msafara wa magari ukatoka, ukaenda kilomita 50 hivi hadi Shilatembo, porini, penye kaburi lililokwisha kuchimbwa. Bunge la Ubelgiji lilithibitisha kuwa Tshombe mwenyewe alikuwepo pamoja na Munongo, Jean-Baptiste Kibwe na Gabriel Kitenge. Wabelgiji waliokuwepo ni wanne: Kamishna wa polisi Frans Verscheure, Kapteni Julien Gat, Luteni Gabriel Michels na brigedia wa polisi François Son. Wapiga risasi walikuwa askari wa Katanga. Watatu waliuawa mmoja mmoja, Lumumba wa mwisho. Verscheure alikuwa na kijitabu chake cha miadi, na kwenye ukurasa wa siku hiyo aliandika kwa Kiflemi saa 3:43 za usiku, kisha herufi L, kisha neno moja: amekufa. Ndege ilikuwa imetua chini ya saa tano tu kabla ya hapo. Kwa hiyo anayesema Tshombe alishangazwa na ujio wa wafungwa aeleze ni wapi duniani mtu aliyeshangaa anapata kaburi, msafara na wapiga risasi kwa muda huo.

Kufuta ushahidi ndiko kulikowafedhehesha zaidi. Kaburi la kwanza lilikuwa la juujuu, porini pasipo mbali na watu. Siku iliyofuata maiti zikafukuliwa, zikasafirishwa zaidi ya kilomita 200 kuelekea Kasenga, karibu na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, zikazikwa nyuma ya kichuguu. Hapo pia wakaona si salama. Afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akatumwa pamoja na mwenzake wakiwa na gari la idara ya ujenzi, misumeno, pipa tupu la lita 200 na tindikali ya salfa ya kampuni ya migodi, Union Minière. Walikunywa wiski ili wapate ujasiri. Wakakata viungo, wakatia pipani. Kilichoharibika ni hesabu: tindikali haikutosha miili mitatu. Sehemu nyingine wakazichoma moto, mafuvu wakayasaga, na mifupa na meno, ambavyo moto na tindikali havikuvimaliza, wakavitawanya njiani wakirudi. Soete hakuvitawanya vyote. Aliweka meno.

Baada ya hapo kikaja kisa cha kubuni. Tarehe 10 Februari redio ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa wametoboa ukuta na kutoroka kwa gari. Tarehe 13 Munongo akawaambia waandishi wa habari kuwa wanakijiji wamewaua, na jina la kijiji hatalitaja. Akaongeza kwamba wakituhumiwa kuua, jibu lake ni: thibitisheni. Ndiyo sababu baadhi ya vitabu vya zamani vinaandika kuwa Lumumba alifariki Februari. Tume ya Umoja wa Mataifa ilikikataa kisa hicho mwaka huo huo wa 1961 na kurudisha tarehe kwenye 17 Januari. Tafadhali msiirudie tena ile ya Februari, mmeiandika katika aya ya pili.

Na Wamarekani? Makala yenu inasema CIA ndiyo iliyompiga risasi. Ukweli ulivyo unawatosha kuwaaibisha bila kuongeza chumvi. Septemba 1960 mkemia wao, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville na sumu, akamkabidhi mkuu wa kituo chao, Larry Devlin. Sumu haikutumika. Lumumba alikuwa amezungukwa na walinzi nyumbani mwake, na njia ya kuifikisha kwake haikupatikana. Seneti ya Marekani ilichunguza mwaka 1975, ikathibitisha njama hiyo, lakini haikukuta ushahidi kuwa CIA ilishiriki katika mauaji yenyewe ya Katanga. Devlin alipashwa habari ya mpango wa kumhamisha siku kadhaa kabla, na hakufanya jambo la kuuzuia. Tuseme hivyo hivyo, tusiseme zaidi.

Sasa mwisho wa hao watu, maana hapo makala yenu iliandika kuwa "wote walilipwa na historia". Historia haikumlipa hata mmoja kwa mauaji haya. Évariste Kimba, waziri wa mambo ya nje wa Katanga, alinyongwa hadharani Kinshasa tarehe 2 Juni 1966, lakini kosa lililomnyonga ni kudaiwa kula njama dhidi ya Mobutu. Tshombe alirudi mwaka 1964 akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, kiti kile kile cha Lumumba. Mwaka 1967 alihukumiwa kifo asipokuwepo, kwa uhaini dhidi ya Mobutu. Tarehe 30 Juni mwaka huo ndege aliyokuwamo ilitekwa angani ikapelekwa Algeria, akakaa kizuizini hadi alipofariki 29 Juni 1969, na madaktari wakasema ni moyo. Kasavubu alifia Boma Machi 1969. D'Aspremont Lynden alifariki 1967, hakuwahi kuulizwa swali mbele ya hakimu. Gat alirejea jeshini kwao. Mukamba aliendesha kampuni ya almasi ya Serikali, MIBA, kwa miaka. Nendaka alifariki 2002, Devlin 2008, Bomboko 2014, wote wazee.

Mobutu, siku ya 30 Juni 1966, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mtu aliyemtoa mfungwa mikononi mwake ndiye aliyemvika taji, akatawala hadi Mei 1997, akafia Rabat Septemba mwaka huo. Munongo alionja jela ya Mobutu, akatoka, akaishi. Mwaka 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulikuwa unasubiri kumsikia, na wengi walitumaini atalizungumzia jambo la Lumumba. Alifariki tarehe 28 Mei, siku hiyo hiyo aliyotarajiwa kusema.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka huo huo wa 1961, Waziri Mkuu wa Burundi, Louis Rwagasore, alipigwa risasi Usumbura (leo Bujumbura) tarehe 13 Oktoba. Mpiga risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, na watu wengine watano wakanyongwa Gitega Januari 1963. Mtu anaweza kuibishia kesi ile, hasa namna ilivyosikilizwa upya baada ya uhuru kwa mahakama iliyoundwa baadaye, lakini angalau kulikuwa na kizimba. Kwa Lumumba hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani, si Kinshasa wala Brussels.

Ubelgiji ilianza kusogea mwaka 1999, utafiti mpya ulipotoa nyaraka kabatini. Ripoti ya Bunge ya Novemba 2001 ilisema baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine wana "wajibu wa kimaadili". Neno hilo lilipimwa kwa mizani ya wanasheria, kwa kuwa wajibu wa kimaadili haufikishi mtu kortini. Februari 2002 waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji, Louis Michel, akaomba radhi. Mwaka 2011 François Lumumba, mwana wa marehemu, alifungua mashtaka dhidi ya Wabelgiji kumi, kwa hoja kwamba ni uhalifu wa kivita na kwa hiyo haufutwi na wakati. Miaka ikapita, washtakiwa wakafa mmoja baada ya mwingine. Juni 2025 mwendesha mashtaka alipoomba kesi ifike mahakamani alikuwa amebakiwa na mmoja tu, Étienne Davignon, ambaye mwaka 1961 alikuwa mwanadiplomasia kijana anayejifunza kazi, na ambaye alikana tuhuma hizo.

Meno aliyoyaweka, Soete aliyaonyesha mwenyewe kwenye televisheni, kabla ya kufa mwaka 2000. Mwaka 2016 jino moja lilikamatwa kwa binti yake. Halikupimwa vinasaba, kwa kuwa kulipima kungeliharibu. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels, likawekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima, likazungushwa nchini Kongo hadi Shilatembo, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Rekebisheni maelezo ya picha na tarehe ya Februari. Na Januari ijayo, mtakapoandika tena, msiwaache nje watu wawili ambao makala yenu haikuwataja hata kwa herufi: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Waliteswa katika ndege ile ile, wakasimamishwa mbele ya kaburi lile lile, na wao hakuna hata jino lililorudi kwa watoto wao.

Msomaji wenu,
Kigoma