Kabla Hujalipia Hoteli Ile

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kifua cha Baba kimetulia. Sisi tulirudi salama Jumanne iliyopita. Nilikusudia kupumzika kwanza ndipo nikuandikie, lakini Rehema amenieleza kwamba umeshachagua hoteli ile ile tuliyofikia sisi, tena kwa kutegemea sifa nilizokumwagia kabla ya safari. Sifa zile nazifuta zote. Nilikuwa nasifu picha. Sikuwa nimelala pale hata usiku mmoja.

Utakumbuka jambo lililonihangaisha kuliko yote: nilitaka vyumba viwili vyenye mlango wa ndani wa kupitia kutoka kimoja hadi kingine, ili Mama akiita usiku nimsikie. Wakati wa kuweka nafasi katika tovuti ya wakala niliandika haja hiyo kwenye sehemu ya maombi maalumu, nikapata ujumbe wa kuthibitisha, nikaamini mambo yamekwisha. Kumbe kilichothibitishwa ni tarehe na idadi ya vyumba tu. Ombi maalumu hubaki kuwa ombi, na hoteli hulitimiza ikiweza. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo ambazo sikuzisoma.

Tulifika saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala mabegani, tukapewa chumba kimoja ghorofa ya pili na kingine ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa mbovu. Mhudumu wa mapokezi alitueleza kwa upole kwamba hoteli imejaa na fundi atakuja asubuhi, na kila asubuhi tuliyouliza tulijibiwa hivyo hivyo. Tulimpa Mama chumba cha ghorofa ya pili, ambacho kilikuwa na kitanda kimoja chembamba, nasi tukapanda na watoto. Mkubwa alihesabu vidato vya ngazi akapata 92.

Mashuka yenye unyevu, bafu lililovuja, dirisha lililotazama ukuta wa jirani, hayo yote ningeyavumilia na wala nisingekuandikia. Ninachoshindwa kukisahau ni usiku wa pili. Dawa ya Mama ya maumivu ya magoti ilikuwa imebaki katika mkoba wangu huku juu. Maumivu yalipomzidi alijaribu kutupigia simu ya chumbani, nayo haikufanya kazi. Ngazi alizihofia. Basi alikaa kitandani, mgongo ukutani, mpaka kukapambazuka, na nilipomuuliza kwa nini hakwenda mapokezi aombe mtu aje kutuita, alisema hakutaka kuwasumbua watu wamelala. Mlango ule wa ndani ungekuwapo, Mwanaidi, angegonga mara moja tu.

Nawe usitegemee zile nyota nne kama nilivyozitegemea mimi. Baadaye nilisoma kwamba hakuna chombo kimoja duniani kinachozigawa. Kila nchi ina utaratibu wake, na hata Ulaya, ambako nchi kadhaa ziliunda mfumo wa pamoja mwaka 2009, si nchi zote zinazoufuata. Tena vigezo vyenyewe kwa sehemu kubwa huhesabu vitu: lifti ipo, simu ipo. Kama vitafanya kazi usiku utakapovihitaji, nyota haisemi.

Kuhusu fedha, bado tunahangaika. Hoteli inasema malipo yalipokelewa na wakala, wakala anasema ugawaji wa vyumba ni kazi ya hoteli, na wote wawili wananikumbusha kwamba nilichagua bei nafuu isiyorudishwa. Sasa tumewaandikia benki kuyapinga malipo yale. Wametaka ushahidi, nasi hatukuipiga picha ile lifti wala hatukuomba jibu lolote kwa maandishi, kwa sababu tulichokifikiria wakati ule ni namna ya kumpandisha na kumteremsha Mama.

Kwa hiyo nakuomba usilipe kwanza. Popote utakapochagua, waandikie hoteli wenyewe, si wakala peke yake, uwaeleze hali ya Baba na uwatake wakujibu kwa maandishi kwamba vyumba vyenu vimeungana kwa mlango wa ndani. Usikubali neno “vyumba vya jirani”, maana hivyo vinaweza kuwa vimepakana tu, na ili ufike cha pili utalazimika kutokea ukumbini. Waulize pia chumba kiko ghorofa ya ngapi, nao wanaanzia kuhesabu wapi, kwa sababu kule sakafu ya chini haihesabiwi.

Je, umeshatoa malipo yoyote, au Rehema ameharakisha habari? Kama umelipa, ulichagua bei inayoweza kurudishwa? Baba anaweza kupanda ngazi ngapi siku hizi bila kuhema? Na wewe uliyezoea barua za ofisini, unaweza kunipitia malalamiko yangu kabla sijayatuma tena kwa wakala? Nimeyaandika mara tatu, na kila mara naishia kuandika habari za Mama badala ya tarehe na namba walizozitaka.

Mama anakusalimu sana. Tangu turudi hajautaja usiku ule hata mara moja. Nijibu upesi, tafadhali.

Wako akupendaye,
Zainabu