Remmy sio jina la kituo tu

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni toka wiki iliyopita. Mpwa wangu anasoma Dar, kaja likizo huku Kigoma, tumekaa barazani tunakula ugali na mgebuka namuuliza siku hizi umepanga wapi, akanijibu "mjomba nakaa Sinza kwa Remmy". Nikamuuliza huyo Remmy ndo nani? Akawaza kidogo, akasema labda alikuwa na baa pale. Mhariri tonge lilinigoma kooni.

Ila mtoto simlaumu, angemsikia wapi?

Huyo Remmy ni mwanamuziki Remmy Ongala, ndo mwenye jina la kituo hicho cha Sinza. Kazaliwa Kindu mwaka 1947, ng'ambo yetu hapo Kongo, Maniema, na anayeijua Ujiji anajua Wamanyema walivyojaa kule, kwa hiyo sisi wa Kigoma ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kumdai huyu mtu. Kaingia Dar 1978, kapiga na bendi ya Orchestra Makassy halafu ndo ikaja bendi yake ya Super Matimila. Wanamuziki wengi waliotoka Kongo walikuwa wanaimba Kilingala, sisi tunakata viuno tu hatujui wanasema nini, yeye akaamua kutunga Kiswahili, na akamtungia mtu wa chini, yule wa Manzese na Sinza anayeamka alfajiri hajui jioni watoto watakula nini. Mnyonge Hana Haki ile, jina peke yake linatosha. Mwaka 1989 albamu yake ikatoka Uingereza kwenye lebo ya Peter Gabriel na ikapewa jina Songs for the Poor Man, yaani hata wazungu walielewa anamwimbia nani.

Marehemu baba yangu alikuwa anabeba mizigo mwaloni Kibirizi, magunia ya dagaa, mafuta ya mawese, chochote kinachoshuka kwenye boti. Akirudi anavua shati, bega la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, anakaa kwenye kigoda anasema haya mleteni Dokta, ndivyo Remmy alivyokuwa anaitwa. Mi ndo nilikuwa na kazi ya kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri. Ukianza ule wimbo wake wa Kifo hakuna mtu kuongea humo ndani. Mle Remmy anazungumza na kifo kama mtu anavyozungumza na jirani aliyemkosea, taratibu, gitaa linalia nyuma yake, na baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kama vile na yeye yumo kwenye hayo mazungumzo. Alikuwa hajasoma baba yangu lakini maneno ya zile nyimbo aliyajua yote na alikuwa anatufafanulia.

Halafu Mambo kwa Soksi. Watu wanaucheka ule wimbo mpaka leo, ila wakati ule ukimwi unamaliza watu na kondomu hakuna anayethubutu kuitaja mbele ya wakwe, yeye kaitaja kwa gitaa, Radio Tanzania ikagoma kuupiga, na bado watu wakaujua wote. Huo ni ujasiri jamani.

Sasa kinachoniuma. Majuzi redio moja nilikuwa naisikiliza wamemuweka, nikaongeza sauti nikamwita na mpwa wangu aje asikie, hata dakika mbili hazijaisha mtangazaji kaingilia kati kaanza salamu za wasikilizaji, mara tangazo la kubeti, wimbo ukafia hapohapo. Nyimbo za Remmy ni ndefu kwa sababu anasimulia, ukikata katikati ni sawa na kumnyamazisha mtu mzima anaongea. Tarehe 13 Desemba 2010 ndo alifariki, na kila mwaka siku hiyo inapita kimya kama siku zingine, wakati sidhani kuna dakika inapita pale Sinza bila kondakta kuita jina lake.

Ombi langu kwa redio za hapa kwetu ni hiyo siku moja tu, saa moja, mtangazaji aeleze maneno ya wimbo kwanza halafu auache. Kama nyimbo hamna, kanda ya mzee ninayo bado, inakwaruza kidogo lakini inasikika, nitaileta mwenyewe kwa baiskeli. Ila muipige mpaka iishe.

Msomaji wenu,
Gungu, Kigoma