Maji ya chuo hayatoki baharini

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu nikiwa kibarua wa mjengo na sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya chuo kikuu chetu hapa Malindi, na ile picha ya wakubwa wakipanda miche ya mikoko huku wakitangaza kwamba chuo sasa kimejiandaa kwa mafuriko, imenikera na siwezi kunyamaza.

Sina ugomvi na mikoko. Boriti zake nimezijengea maisha yangu yote, na najua inavyokamata tope na kuvunja nguvu za mawimbi. Ila maji yaliyoingia chuoni Mei 2024 hayakutoka baharini. Yalitoka nyuma, upande wa juu, yakafuata lile bonde ambalo sisi tuliokulia hapa tunalijua kuwa ndiyo njia ya maji ya masika. Bonde hilo lilijazwa kifusi, juu yake ikajengwa hosteli. Bahari inachofanya ni kuyafungia mlango: mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, ambapo maji kujaa na kupwa hupishana kwa zaidi ya mita 3, mitaro ya ufuoni haina pa kumwaga na maji yanarudi mjini. Mche wa mkoko utasaidia nini hapo?

Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu akilia. Yeye na wenzake walikuwa wamepanda vitanda vya juu, maji yamefika magotini, na hakuna aliyethubutu kushuka kwa sababu meni swichi ya hosteli nzima iko kwenye stoo ya chini, mwisho wa ukumbi, usawa wa kiuno cha mtu, na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Nikaenda. Lango kubwa lilikuwa limeshageuka ziwa. Lango dogo la nyuma, lile linaloelekea kwenye ardhi iliyoinuka, limefungwa mnyororo mwaka mzima kwa kuogopa wezi, na mlinzi akaniambia hana ruhusa ya kulifungua mpaka ofisi iseme. Ofisi ikapigiwa, ikapigiwa tena, haikupokea. Watoto wa watu wanalia ndani, na sisi wazazi tunasimamishwa nje tungoje ruhusa! Mwishowe vijana wa mtaa wakaleta nyundo wakalivunja kufuli, umeme ukakatwa kutoka nje, wasichana wakatolewa mmoja mmoja wakalala kwenye baraza ya madrasa, na kina mama wa mtaa ndio waliowapikia uji asubuhi. Unajua kilichofuata, Mhariri? Wanafunzi wakaambiwa wachange walipe kufuli. Hakuna aliyekuja mtaani hata kusema ahsante. Na katika mpango huo mliouandika sijaona neno moja juu ya lango lile wala juu ya stoo ile.

Tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi, na ni kweli. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hurudi chini kwa kishindo. Mwaka 2019 bahari ya upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ikapitiliza. Mwaka 2023 ikaja El Niño, mto Sabaki ukafurika ukaingia mashambani Magarini. Miezi michache baadaye ikawa masika ya 2024. Baada ya hayo yote, nani bado anasema ameshtukizwa? Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka taasisi za umma ziwe na kitengo cha kazi hiyo na afisa mkuu wa kukisimamia. Wa chuo chetu ni nani? Namba yake ya simu ibandikwe langoni.

Na chuo hakiko peke yake. Mtaani kwetu kila anayenunua kiwanja anazungusha ukuta wa mawe hadi katikati ya mkondo, na anayetoa kibali hajafika kuona. Barabara ikirekebishwa huinuliwa, nyumba zetu zinabaki shimoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini nendeni leo mkachungulie kalvati: chupa za soda na nepi zimeshindiliana hadi juu. Mitaro huzibuliwa mvua ikishaanza, wakati mchanga umeshalowa na mfanyakazi hawezi kuutoa kwa sepetu.

Ninalotaka ni hili. Alama ya tope la 2024 bado inaonekana kwenye kuta za hosteli. Upigwe mstari mwekundu wa rangi ya mafuta kwenye kila jengo la chuo, usawa wa alama hiyo, kisha chini ya mstari kisiachwe kitu cha kuua mtu wala cha kuoza: meni swichi, jenereta, kompyuta, karatasi za mitihani, magodoro, vyote vipandishwe juu. Ufunguo wa lango la nyuma ukae kwa matroni wa hosteli, si ofisini. Mitaro izibuliwe Februari, na waitwe wazee wa mtaa waonyeshe maji yanapita wapi kabla ya kumwaga kifusi kingine. Kazi ya kupiga mstari nitaifanya mimi bila malipo. Chuo kinunue rangi, brashi ninazo, na Jumamosi yoyote kabla ya masika nitafika.

Fundi mwashi mstaafu,
Malindi