Bomba lipimwe kabla ya kupigwa plasta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mabomba ya maji yanayovuja ndani ya nyumba na majengo ya biashara, jambo ambalo sisi wakazi wa Mbeya hulinung'unikia siku bili inapofika na kulisahau kesho yake. Nimesoma barua nyingi za wasomaji wanaozilaumu mamlaka za maji kwa mabomba yanayopasuka barabarani na kumwaga maji siku mbili tatu bila fundi kuonekana. Lawama hizo zina haki yake. Hata hivyo, dira ya maji ina pande mbili, na upande unaoanzia kwenye dira kuingia ndani ni wetu sisi wenye majengo, wapangaji, na mafundi tunaowaita wenyewe. Huko maji hupotea pasipo mtu kuandika barua gazetini.

Mimi ni msimamizi wa jengo la familia lililopo Mwanjelwa, lenye ghorofa mbili na fremu 11 zilizokuwa zikitumia dira moja. Kwa miaka yote bili ilipokuja niliigawa kwa idadi ya milango, kila mpangaji akatoa fungu lake, mambo yakaisha. Utaratibu huo ulionekana wa haki, kumbe ndio uliotuficha ugonjwa: bili ilipopanda, ongezeko liligawanyika katika mafungu 11, na hakuna aliyeumia kiasi cha kuuliza. Mwenye saluni alishukiwa kuwa ndiye anayemaliza maji, naye akanyamaza, kwa kuwa ni kweli anatumia maji mengi kuliko wenzake.

Mambo yalifichuka pale mpangaji wa chini, anayeuza mchele wa Kyela, alipoinua gunia lililokuwa karibu na ukuta akakuta kitako chake kimelowa na mchele umeshikana. Juu ya gunia hilo rangi ya ukuta ilikuwa imevimba kama lengelenge la moto. Fundi tuliyemwita hakukimbilia nyundo. Alisubiri hadi usiku, maduka yalipofungwa, akahakikisha koki zote zimefungwa, kisha akatuita tuangalie dira: kile kigurudumu kidogo kwenye uso wake kilikuwa kikizunguka taratibu ilhali hakuna aliyekuwa akitumia maji. Akaweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake ukutani, akawa anasogea kidogo kidogo kama daktari anayepima kifua, hadi akasikia mlio. Pamoja na ustadi wake, tulivunja ukuta mahali panne, kwa sababu mlio husafiri ndani ya bomba na mtu hawezi kuuamini moja kwa moja, na kwa sababu hapakuwa na mchoro wowote unaoonyesha mabomba yamepita wapi.

Shimo la nne ndilo lililonisukuma kuandika barua hii. Tulikuta kiwiko cha bomba la plastiki kimezungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukakazwa kwa waya wa kufungia nondo, na juu yake plasta. Haikuwa kazi ya mtu aliyekuja kutengeneza baadaye, maana plasta ya hapo ilikuwa ile ile ya mwanzo, haina kiraka. Yaani wakati jengo linajengwa kuna mtu aliyeliona bomba likivuja, akalifunga kama kidonda, akawapisha wapiga plasta. Tulitega ndoo ya lita 20 chini ya kiwiko, ikajaa kwa saa moja. Maji yasipokatika, hizo ni lita 480 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 14,400, yaani zaidi ya yuniti 14 za lita 1,000 kila moja, zilizolipiwa na watu ambao hawakuzinywa wala kufulia.

Wapo watakaosema kuwa fundi wa namna hiyo ni mmoja tu. Nimezungumza na mafundi kadhaa tangu siku ile, na wao wenyewe wanakiri kwamba tatizo linaanzia kwenye malipo. Fundi bomba huku kwetu hulipwa kwa pointi: sinki moja, pointi moja, choo, pointi moja. Kupima kama bomba linashika maji hakuna pointi yake, kwa hiyo anayepima anajichelewesha mwenyewe, na mwenye jengo aliyebana bei hana sababu ya kushangaa. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, ambayo sasa yako karibu katika kila jengo jipya, yanahitaji joto la nyuzi 260 hivi kwa sekunde zinazohesabiwa. Fundi akiharakisha, bomba na kiungio hugusana bila kushikana. Akizidisha, plastiki huyeyuka ikaziba njia ya maji kwa ndani. Tena baridi yetu ya Juni na Julai ina neno hapa, kwa sababu watengenezaji hushauri muda wa kupasha uongezwe hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 5, na ni mafundi wachache niliowaona wakilijali hilo wakati wanaunganisha mabomba alfajiri huku wakipuliza viganja.

Nyumba za zamani zina ugonjwa wao. Dada yangu anayeishi Kihesa, Iringa, ana mabomba ya chuma yaliyopakwa madini ya zinki, na kila yalipotobolewa na kutu ni pale pale kwenye hesi, yaani ile mikato ya kuzungushia kiungio, kwa kuwa fundi anapokata hesi huikwangua zinki inayokinga chuma. Katani na rangi husaidia kwa muda. Baada ya hapo dawa ni kukata kipande na kuweka kipya.

Kwa upande wa nyanda za juu, milima yetu inaongeza mzigo. Matangi hukaa vilimani na watu hukaa mabondeni, na kila mita 10 za mteremko kutoka kwenye tangi huongeza msukumo unaokaribia ule wa angahewa. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi, isiyo na kifaa chochote cha kupunguza msukumo njiani, hupokea mara sita ya huo, na hasa usiku, watu wanapolala na koki zote zimefungwa. Ndiyo maana kiungio kinachoonekana kikavu mchana kinaweza kutiririsha maji saa nane za usiku, na mwenye nyumba akiamka anakuta unyevu asiojua ulikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito kuliko bili. Tunaishi kwa mgawo, na bomba linapoishiwa maji hubaki tupu, wakati mwingine likawa linavuta badala ya kusukuma. Tundu lile lile lililokuwa likitoa maji safi ndipo huingiza maji machafu yaliyolizunguka, na majengo mengi ya mjini yana bomba la maji safi lililolala kwenye mtaro mmoja na bomba la choo. Maji yakirudi, yale ya kwanza kutoka kwenye koki ndiyo yanayopikiwa chai. Watu wakiugua homa ya matumbo husemwa wamekula vibaya.

Ombi langu kwa halmashauri zetu, kuanzia Jiji la Mbeya, ni moja. Mkaguzi anayekuja kuangalia msingi na nondo kabla zege halijamwagwa, aje pia kabla ya plasta, akute mabomba yote yamejazwa maji, yamefungwa kila ncha, na pampu ya mkono yenye saa ya kupimia msukumo imeunganishwa. Kanuni ya kawaida ya mafundi waliosoma ni kupandisha msukumo hadi mara moja na nusu ya ule utakaotumika, kisha kuacha na kuangalia kama mshale unashuka. Mshale ukishuka, kiungio kinachovuja kinaonekana kwa macho, kinakatwa, kinawekwa kipya, na ukuta bado uko wazi. Asiyepita kipimo hicho asipige plasta. Vijana wanaosomea mabomba katika vyuo vya ufundi vya VETA wanafundishwa kazi hii, kwa hiyo hatuombi elimu mpya bali saini ya mkaguzi kwenye karatasi.

Najua wenye majengo wenzangu watalalamika kuwa ni gharama na ucheleweshaji. Kwetu sisi gharama ilikuwa magunia mawili ya mchele, kuvunja ukuta mahali panne, kupaka rangi upya fremu nzima, na wapangaji kutoelewana kwa wiki kadhaa. Ukiweka hayo yote kwenye mizani pamoja na kukodi pampu kwa usiku mmoja, sioni hata haja ya kubishana. Baada ya matengenezo nimepiga picha kila bomba lililokuwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imewekwa kando ili umbali kutoka kwenye kona usomeke, na kila fremu sasa ina dira yake ndogo. Hiyo ya dira ilipaswa kuwa kazi yangu tangu mwanzo, na kuchelewa kwake ni kosa langu, si la fundi.

Hatua chache kutoka kwetu kuna jengo jingine linalojengwa, na wiki hii limefikia hatua ya plasta. Nimemwendea mwenye jengo, mzee ninayemheshimu, nikamweleza habari ya mpira wa baiskeli na kumwomba atumie pampu ya fundi wetu bila malipo kabla mafundi wake hawajaanza. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha chai, akasema atafikiria. Wapiga plasta wanaanza Jumatatu.

Msimamizi wa jengo,
Mwanjelwa, Mbeya