Madereva na bodaboda, ile fimbo nyeupe ina maana yake

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kidogo niongelee fimbo nyeupe, ile wanayotembea nayo wasioona, maana naona watu wengi hapa Dar wanaichukulia kama fimbo nyingine yoyote. Fimbo tunazo nyingi na kazi zake tunazijua, mzee ana bakora yake, bibi ana mkongojo, maalim chuoni ana henzerani, Mmasai na fimbo yake begani, lakini hii nyeupe ikipita mbele yetu ni kama hatujaiona. Mdogo wangu haoni tangu alipougua utotoni na natembea nae sana mjini, kwahiyo ninayoandika hapa siyo ya kusimuliwa.

Nianze na barabarani. Mtu amefika kwenye zebra, ameinyoosha fimbo yake mbele ili aonekane, gari la kwanza linasimama vizuri tu, alafu bodaboda anachomoka pembeni ya lile gari kwa spidi kama vile zebra haimhusu, na nyuma yake bajaji nayo inafata. Mwingine anapiga honi. Yani unampigia honi mtu asiyeona ukidhani unamsaidia, wakati yeye hajui honi ni yake au ya mtu mwingine, hajui arudi nyuma au aende mbele, na ule mlio unafunika sauti zote alizokuwa anazisikiliza ili avuke. Asiyeona anavuka kwa masikio. Anasikiliza injini zilizosimama na zinazokuja, ukipiga honi umemchanganya kabisa. Simama, zima papara, muache avuke, basi.

Na ninachotaka madereva wakijue ni kwamba weupe wa hii fimbo ulianza kwa sababu yao. Wasioona walitembea na fimbo miaka na miaka, hata huku kwetu, na rangi haikuwa na maana yoyote. Magari yalipoanza kujaa mijini huko Ulaya na Marekani ndo shida ikaja. Mwaka 1921 kule Bristol, Uingereza, kulikuwa na mpiga picha anaitwa James Biggs ambaye alipata ajali akapoteza macho, magari yaliyokuwa yanapita karibu na kwake yakawa yanamtia hofu, akachukua fimbo yake akaipaka rangi nyeupe ili madereva wamuone. Mwaka 1930 kwenye mji wa Peoria, Marekani, klabu ya Lions, siyo ya mpira bali ya watu wanaojitolea kusaidia jamii, ikaanza kugawa fimbo nyeupe baada ya kiongozi wao, George Bonham, kumuona mtu asiyeona anahangaika kuvuka na fimbo nyeusi ambayo dereva haioni kwenye lami. Mji wenyewe ukatunga sheria kwamba mwenye fimbo nyeupe apewe njia kwanza.

Mwaka huohuo Paris kuna mama mmoja, Guilly d'Herbemont, alikuwa anaona wasioona wanavyopata tabu kwenye magari, akawaza mbona trafiki wanatumia virungu vyeupe na magari yanasimama, akamwandikia mhariri wa gazeti la L'Écho de Paris kwamba wasioona nao wapewe fimbo nyeupe. Gazeti likalibeba lile jambo, na Februari 1931 fimbo za kwanza zikakabidhiwa mbele ya mawaziri, baadae zikagawiwa maelfu. Mhariri, ile ilikuwa barua kama hii, na ndo maana nimekuandikia wewe badala ya kulalamika tu nyumbani.

Mpaka hapo fimbo ilikuwa alama ya kuonekana zaidi. Ufundi wake wa kutembelea ulikuja mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari wa Marekani waliopofuka wakiwa wanatibiwa kwenye hospitali ya jeshi ya Valley Forge, na askari mmoja wa pale hospitali, Richard Hoover, akawatengenezea fimbo ndefu, nyepesi, na namna ya kuitumia. Namna hiyohiyo ndo mdogo wangu amefundishwa. Fimbo inafika kidarini siyo kiunoni, unaipeleka kushoto na kulia kwa upana wa mabega yako, na mguu wa kulia ukitangulia ncha inagusa kushoto, yani inapima pale ambapo mguu unaofata utakanyaga. Hailaliwi uzito hata kidogo. Kwahiyo wale wanaosema "mbona kijana mzima anatembea na mkongojo" wajue ule siyo mkongojo, na kuna kujifunza kwingi nyuma yake, mtu anafundishwa kuzijua ngazi, kujua sauti ya ukuta na sauti ya uwazi, kujua lami imeisha mchanga umeanza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Fimbo nyeupe inapima chini. Kitu kilichoanzia kiunoni kwenda juu fimbo haikioni, inapita chini yake vizuri kabisa alafu mtu anakipata kwa uso. Hebu angalieni njia zetu za miguu kwa jicho hilo. Bati la kibanda limetokeza usawa wa paji la uso. Kioo cha fuso lililopaki juu ya njia ya watembea kwa miguu. Bango la duka limefungwa kwa waya. Chuma cha mwamvuli wa muuza vocha. Dirisha la geti la chuma linalofungukia nje. Mdogo wangu ana kovu juu ya jicho la kushoto la bati la namna hiyo, na mwenye kibanda alimsemesha yeye kwamba hatembei kwa uangalifu! Alikuwa anatembea kama alivyofundishwa, fimbo imegusa kila kilichokuwa chini, kosa lilikuwa juu.

Na hata huko chini kuna mitego. Mtaro ambao mfuniko wake wa chuma umeibiwa, shimo la bomba lililochimbwa likaachwa na tawi la mti juu yake eti ndo alama, hilo tawi linamsaidia nini asiyeona? Mvua ikinyesha maji yanafunika kila kitu, fimbo inagusa maji tu, kina chake hajui. Bidhaa za chini nazo, simsemi vibaya machinga anatafuta riziki, ila ukitandaza turubai la viatu kwenye njia yote yule mtu anasukumwa barabarani kwenye magari, na akikanyaga kiatu chako anatukanwa. Acheni upenyo wa mtu mmoja tu pembeni ya ukuta, asiyeona anaufata ukuta.

Kuhusu kusaidia, watu wengi wana moyo mzuri sana ila hawajui namna, naomba niseme wazi. Usimshike fimbo ukaivuta, ukifanya hivyo umemziba. Msalimie kwanza, jitambulishe, muulize kama anahitaji msaada, akikubali mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua, mkifika kwenye ngazi mwambie zinapanda au zinashuka. Akisema hapana asante, usichukie, huenda hiyo njia anaijua kuliko wewe. Makonda nao, ile tabia ya kumnyang'anya abiria fimbo na kuitupa chini ya siti muiache, inakunjika ile, mwambieni tu aikunje aishike mwenyewe.

Jingine ni watu kuitwa waongo. Unamkuta mwenye fimbo nyeupe anasoma simu ameisogeza karibu kabisa na jicho, watu wanaanza kunong'ona eti anajifanya. Kuna uoni hafifu jamani. Mtu anaweza kusoma herufi kubwa lakini asione shimo, au mchana anaona kiasi na jioni haoni kitu. Argentina wao wana fimbo ya kijani kwa watu wa namna hiyo ili kuondoa huo usumbufu. Na ukiona fimbo nyeupe yenye mistari myekundu iliyokatiza, kwenye nchi nyingi hiyo ni alama ya mtu ambaye haoni na pia hasikii, huyo hata injini yako haisikii, usalama wake wote barabarani ni wewe dereva.

Mimi naomba mambo mawili. La kwanza, shule za udereva ziifundishe fimbo nyeupe pamoja na zile alama za barabarani, na mtu asipate leseni kama hawezi kujibu afanye nini akiiona. Vijana wa bodaboda wengi hawajapita shule hizo, hao wafatwe kwenye vijiwe vyao, na wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani iwape wasioona wenyewe nafasi ya kuongea na madereva. La pili ni upatikanaji. Wengi mikoani wanatembelea mti uliochongwa na kupakwa rangi, mzito, mfupi, na hata mwenye fimbo nzuri ncha inalika haraka kwenye barabara zetu za kokoto na kuipata nyingine ni kazi, sisi tuliwahi kuziba kwa kipande cha kandambili. Halmashauri zinazotenga pesa za watu wenye ulemavu ziweke na fimbo na ncha zake humo, pamoja na mwalimu wa kufundisha kuitumia, maana kumpa mtu fimbo bila mafunzo ni kumuachia nusu ya kazi.

Siku ya Fimbo Nyeupe ni tarehe 15 Oktoba kila mwaka, Wamarekani ndo waliianzisha mwaka 1964 na hapa kwetu nayo inaadhimishwa. Nitashukuru sana gazeti lako likitenga ukurasa siku hiyo, na wakaulizwe wasioona wenyewe zebra gani mjini zinawashinda kuvuka, wanazijua kwa majina.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam