Marashi yasiyonukia yameniaibisha

Ndugu Mhariri,

Miaka 17 nasoma gazeti lako barazani hapa Ujiji na sijakuandikia, hata mlipoyaita mawese yetu mafuta ya alizeti. Ile makala yenu ya kusifu manukato ya Escentric Molecules imenishinda.

Mlimsifu Mjerumani Geza Schoen, aliyeyatoa manukato hayo 2006, kwa ujasiri wake: Molecule 01 ina kitu kimoja tu, Iso E Super, kemikali iliyozaliwa maabara huko Marekani miaka ya 1970, ambayo wenzake huitia kama chumvi mchuzini. Pacha wake, Escentric 01, anayo asilimia 65, zilizobaki vikorombwezo. Sawa. Mimi napika udi, najua kupunguza ni kazi kuliko kuongeza. Ila mbona hamkusema kwamba wapo wasioisikia kabisa harufu hiyo, na wengine huwapotea ikarudi?

Mpwa wangu aliwasoma, akatoa hela ya sare yake, akaninunulia chupa katika duka moja Dar es Salaam. Ikaja kwa treni. Siku ya harusi nikajipulizia shingoni, viganjani, hadi kwenye pindo la kanga. Wifi yangu akaniinamia, akanusa, akanusa tena kama paka kwenye gunia la dagaa. "Wifi, leo umeoga tu?" Ukumbi ukacheka. Mmoja alisema anasikia mbao iliyorandwa, wengine, maji. Mpaka leo sijui nililetewa marashi au maji ya bomba, maana tapeli atapata wapi bidhaa tamu kuliko hiyo ambayo hata iliyo halali mnunuzi anaweza asiisikie? Nikampigia mwenye duka. "Mama, pua yako haijazoea vitu vya Ulaya." Pua yangu! Pua hii niko uani, sufuria iko jikoni, inaniambia sukari ya udi imeanza kuvuta nyuzi na nikichelewa kidogo inaungua!

Na huku kwetu sasa wanauza udi wa unga wa mbao ulionyunyiziwa pafyumu. Uweke chetezoni, nyumba inanuka karakana ya seremala. Hilo hamliandiki, si la Ulaya.

Siku nyingine kabla hamjasifu marashi, yatieni kwenye leso, mpelekeeni mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, saa nne asubuhi, mikono ikiwa kazini. Akigeuza shingo, chapeni.

Mpika udi,
Ujiji, Kigoma