Mita yako ya nguvu ya redio inadanganya? Jiundie kalibreta ya -10 dBm

Wateja wanaotuletea mita za nguvu walizojiundia kwa chipu ya AD8307 (inayogeuza nguvu ya mawimbi ya redio kuwa volti) huwa na lalamiko moja: mita inafanya kazi, ila namba zake haziaminiki. Mara nyingi chipu haina kosa. Mita ambayo haijalinganishwa na kitu chochote ni mizani ya duka isiyopigwa muhuri. Unachohitaji ni kalibreta, yaani chanzo kidogo chenye kiwango kinachojulikana, na vipuri vyake karibu vyote unavipata Luthuli Avenue, Nairobi.

Tunapendekeza -10 dBm (desibeli 10 chini ya miliwati 1) kwa megahezi 10. Kiwango hicho ni miliwati 0.1, na kwenye omu 50 kinakuwa milivolti 200 kamili kutoka kilele cha juu hadi cha chini. Ni namba rahisi kuisoma kwenye skrini ya osiloskopu.

Anza na betri ya volti 9, 78L05 (chipu inayoshikilia volti 5), na osileta ya kristali ya megahezi 10, ile ya kopo la chuma yenye miguu minne. Ipitishe kwenye geti moja la 74HC04, chipu yenye mageti sita. Ingizo za mageti yasiyotumika zifunge kwenye graundi. Geti lilishe kapasita ya nanofaradi 100, kisha rizista ya omu 470 ikifuatana na trimpoti (rizista ya kurekebishwa) ya omu 200, halafu omu 56 iende graundi. Baada ya hapo weka kichujio: pikofaradi 150 kwenda graundi, koili, pikofaradi 470 kwenda graundi, koili ya pili, pikofaradi 150 tena. Kila koili ni mizunguko 17 kwenye ringi ya T37-6, ile ya njano. Malizia na kipunguzi cha desibeli 3, yaani omu 18 katikati na omu 300 kwenda graundi kila upande, kisha soketi ya BNC, ile ya kuunganishia kebo.

Kuna wanaoruka kichujio kwa kuona ni kazi bure. Usiruke. Geti linatoa mawimbi ya mraba, na AD8307 huyasoma mawimbi ya mraba desibeli 3 juu ya wimbi laini lenye nguvu ileile. Ukisawazisha mita hivyo, redio yenye wimbi safi itaonekana dhaifu kwa nusu, na utahangaika kutafuta ubovu kwenye redio nzima. Kichujio hiki hupunguza megahezi 30 kwa desibeli 33 hivi, na hiyo inatosha.

Kuseti kiwango, tumia osiloskopu yenye tamineta (kizibo chenye rizista) ya omu 50 palepale kwenye ingizo lake, si probu (waya wa kupimia wa osiloskopu). Zungusha trimpoti hadi uone milivolti 200. Hapa osiloskopu yenyewe ina usemi: ya megahezi 20 inaweza kupunja karibu desibeli 1 kwenye megahezi 10, kwa hiyo tafuta ya megahezi 100. Hata hiyo, ikiwa na kosa la asilimia 3, inakupa shaka ya desibeli 0.26. Fundi akikuahidi usahihi wa desibeli 0.05 kwa osiloskopu ya kawaida, muulize amepimaje.

Ukiona milivolti 400 badala ya 200, umesahau tamineta. Kiwango kikishuka polepole, pima betri: chini ya volti 7 hivi, 78L05 haishikilii tena volti 5, na kiwango kinashuka pamoja nayo. Trimpoti ikifika mwisho bila kutosha, hesabu upya mizunguko ya koili. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, na wengi huhesabu upande wa nje wakaishia na mmoja zaidi au pungufu. Angalia na kebo pia: ya televisheni ni ya omu 75, na kwenye kaunta hufanana sana na RG58, kebo ya omu 50.

Kosa linalosumbua zaidi ni kuvuja. Chomoa kebo, mita ikiendelea kuonyesha kitu, osileta inapenya hewani. Weka saketi ndani ya kisanduku cha bati, ambacho mafundi wa Kamukunji wanaweza kukutengenezea, na hakikisha kifuniko kinagusa bati pande zote. Kifuniko kilichopakwa rangi kwenye ukingo hakizibi chochote.

Kisha pima kalibreta kwa mita yako mara mbili: moja kwa moja, halafu kupitia kipunguzi cha desibeli 20 (omu 249 katikati, omu 61.9 kila upande, zote za asilimia 1). AD8307 hutoa milivolti 25 kwa kila desibeli, hivyo tofauti ya volti inazotoa chipu iwe karibu milivolti 500. Ikiwa tofauti ni sawa lakini namba yenyewe si sahihi, rekebisha kianzio (namba ambayo programu huanzia kuhesabu) kwenye programu ya mita tu. Tofauti ikiwa milivolti 450, shuku kwanza kipunguzi au kuvuja kabla ya kulaumu chipu.

Redio ya mkononi ya wati 5 inatoa +37 dBm: usiichomeke moja kwa moja, chipu itaungua. Pitia kipunguzi cha desibeli 40 kinachostahimili joto hilo.

Ukitaka tulinganishe mita yako na ya kwetu, ilete pamoja na kebo na vipunguzi unavyotumia kila siku. Tukitumia kebo yetu, hatutakuwa tumepima makosa ya kebo yako.